Hadithi za African Storybook: nimemsomea mtoto wa dada yangu kwa miezi mitano

Mtoto wa marehemu dada yangu alihamia kwangu Umoja, Nairobi, mwezi wa kwanza. Ana miaka minane. Mchana hana neno, ila jioni mambo yalikuwa yanaharibika: kikombe kikianguka analia nusu saa, ukimshika bega anakusukuma. Mwalimu wake akanishauri nimsomee kabla ya kulala, zile hadithi zinazomtuliza mtoto na kumfunza maisha polepole.

Nilianza vibaya. Niliingia duka moja la vitabu mjini, nikanunua kitabu cha maadili kwa shilingi 450. Picha safi, karatasi nzito, na kila hadithi ikiisha kuna kisanduku cha manjano kilichoandikwa "Funzo". Usiwe mchoyo. Usikasirike ovyo. Usiku wa tatu nilipofika kwenye kisanduku, akaufunika ukurasa kwa kiganja. "Hapo usisome, mama mdogo. Hapo wananigombeza." Nikakifunga kitabu, na sijakifungua tena.

Jirani ndiye aliyenionyesha African Storybook kwenye simu yake. Ni mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi ni za picha, ni za bure, na ziko kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, zikiwemo Kikamba na Kiturkana. Unasoma kwenye tovuti, au unaweka programu yao kwenye simu na kupakua hadithi uzisome hata bando likiisha. Kuna ngazi 5, kuanzia maneno ya kwanza mpaka hadithi ndefu za kumsomea mtoto kwa sauti. Leseni ni huru, kwa hiyo kuchapa na kutafsiri kunaruhusiwa.

Iliyotugusa zaidi ni "Simbegwire". Msichana anafiwa na mama, baba anamleta nyumbani mwanamke mwingine, Anita, na Anita hamtendei mema. Mtoto anachukua blanketi la mamake na chakula kidogo, anaondoka. Baadaye yuko juu ya mti, na mwanamke aliyekuja mtoni kufua anainua macho, anaona vitambaa vya rangi, anamtambua: ni mtoto wa kaka yake. Mwishoni Anita anakuja kuomba msamaha, anaomba nafasi nyingine. Simbegwire kwanza anamtazama baba yake. Halafu anasogea, polepole, anamkumbatia.

Nilisoma hapo nikanyamaza. Hakuna kisanduku. Mtoto akasema, "Rudia pale anaposogea." Nikarudia. Akauliza, "Kwa nini polepole?" Nikamwambia sijui, yeye anaonaje? Akafikiri kwa muda mrefu, akivuta uzi wa blanketi lake. "Bado anaogopa, lakini anataka." Tangu mazishi hakuwa ametamka mbele yangu kwamba mtu anaweza kuogopa.

Siku hizi tuna utaratibu. Kabla ya kufungua ukurasa tunavuta pumzi, kisha anataja anachokiona kwenye picha, bila haraka. Hadithi ya dakika tano inakula dakika ishirini. Vikombe bado vinaanguka, na bado analia, lakini sasa anakuja kulia karibu nami.

Nilitaka awe na nakala za kushika mkononi, nikaenda saiba moja ya mtaani, duka la intaneti na kuchapa: shilingi 10 kwa ukurasa, nyeusi na nyeupe. Walichapa pande mbili, na kila upande wa nyuma ukatoka kichwa chini. Nililipa, nikaenda kwingine, nikasubiri ukurasa wa kwanza utoke niukague ndipo nikaruhusu zingine. Fanyeni hivyo. Na kwa kuwa kwenye African Storybook mtu yeyote anaweza kuandika au kutafsiri, isome hadithi peke yako kwanza kabla ya kumsomea mtoto mwenye kidonda. Mimi hata "Simbegwire" niliisoma mara mbili jikoni, na mara ya kwanza sikuweza kuimaliza.

Sasa tuko kwenye "Magozwe", ya mvulana anayeishi mitaani hapa hapa Nairobi. Kuna mtu anaitwa Thomas anayekaa chini kando yake na kumuuliza kitabu chake kinahusu nini, kisha anamsikiliza. Thomas hana papara, wala hamdharau mtu. Nimejifunza mengi kwake kuliko kwa semina yoyote ya wazazi niliyohudhuria. Thomas anafanya kazi kwenye nyumba ya manjano yenye paa la buluu, wanakogawa chakula. Jumamosi tulipanda matatu kwenda mjini, mtoto akakaa dirishani, akayakagua mapaa yote ya Jogoo Road. Karibu na Makadara akanivuta mkono. "Mama mdogo, ile pale ni buluu, lakini ukuta ni mweupe. Tuendelee kuangalia."