Injini ya boti ya mashindano: ununue ipi ukiwa Kampala, na fundi wa Kisenyi umwachie nini

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa boti za rimoti ni kama fundi wa vyuma wa Kisenyi, hapa Kampala, anaweza kuwachongea injini ya nitro, ile ndogo inayotumia mafuta ya methanoli badala ya petroli. Anaweza. Mimi nilichongewa moja, ikanguruma sekunde chache ndani ya beseni, ikakwama, na haikuwaka tena. Nitaieleza mwishoni, kwa sababu ndiko ilikostahili kuwekwa kwenye orodha hii.

Nimezipanga injini kwa swali moja tu: ikikuharibikia au ikiishiwa mafuta Jumamosi asubuhi pale Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, utapata wapi cha kuirudisha majini kabla ya jua kuzama? Nguvu za kwenye karatasi ya duka nimeziweka kando.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa injini ya petroli ya mipigo miwili. Ya kiwandani iliyotengenezwa kwa ajili ya boti, kwa mfano Zenoah ya Japani ya cc 25.4, huja na koti la maji tayari, na ukiweza kuagiza, iagize. Ukishindwa, mashine ya kufyekea nyasi ya ukubwa huohuo ni jamaa yake wa karibu. Unang'oa klachi na feni, unafunga flaiwili (gurudumu zito la injini) ya duara yenye mfereji wa kamba ya kuwashia, na fundi anakutengenezea koti la maji la kuzunguka silinda. Usiruke hatua hiyo ya maji: ndani ya boti iliyofunikwa hakuna upepo, na mapezi ya silinda peke yake hayatakuokoa. Petroli ipo kila kona, oili ya kuchanganya ipo, plagi ipo, ringi za pistoni utazitafuta Kiseka, kwenye soko la vipuri, na huenda ukazipata. Kasoro yake ni uzito. Inataka boti ya mita moja na zaidi, nayo haibebeki kwenye bodaboda bila ugomvi.

Ya pili ni mota ya umeme isiyo na brashi. Sina mengi ya kusema juu yake. Ni ya kasi, haina kelele, haina sindano ya kabureta ya kurekebisha. Chaji betri za LiPo (za lithiamu) ukiwa umekaa hapohapo, usizilaze kitandani zikichaji, na nunua kidhibiti mwendo chenye mirija ya maji. Ukitaka kuchezea Ziwa la Kabaka kule Ndeeba, karibu na nyumba za watu, hii ndiyo pekee ambayo wazee hawatakuja kukuuliza unafanya nini.

Ya tatu ni nitro halisi ya boti, na hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu watu wananunua injini kabla ya kuuliza mafuta.

Mafuta ya nitro si petroli iliyotiwa dawa. Ni methanoli, mafuta ya nyonyo au ya sintetiki ya kulainisha, na nitromethani ambayo mara nyingi huwa asilimia 10 hadi 30. Plagi yake haitoi cheche. Ina kiwaya chenye platinamu unachokipasha kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha. Ukishaondoa betri, methanoli ikigusa platinamu ile huendelea kuzaa joto, na mgandamizo humaliza kazi. Ndiyo maana huwezi kumimina petroli humo na kutegemea iende.

Nitromethani ndiyo itakayokutesa. Ndege za abiria hazitaibeba, na nchi nyingi huichunga kwa sababu hutumika pia kutengeneza vilipuzi. Lakini si ya lazima. Asilimia 80 ya methanoli na 20 ya nyonyo ni mchanganyiko uliotumika miaka mingi katika mashindano ya kimataifa ya ndege za mfano. Ukiutumia, toa washa moja (kipete chembamba cha chuma) chini ya kichwa cha silinda ili mgandamizo upande. Siku ukibahatika kupata nitro nyingi, rudisha washa hiyo. Utapoteza kasi kiasi, ila utakuwa majini wakati mwenzako anasubiri kifurushi.

Methanoli yenyewe ni sumu. Mwaka 2010 watu wengi walikufa Kabale kwa kunywa waragi uliotiwa methanoli. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda, hata kwa dakika tano, na kumbuka kwamba mwali wake hauonekani vizuri mchana: mtu anaweza kuungua huku mnamwangalia mkidhani anacheza ngoma.

Ukinunua ya mtumba, iwe CMB ya Italia au O.S. ya Japani, izungushe kwa vidole ikiwa baridi, bila plagi. Nyingi zina pistoni ya alumini isiyo na ringi ndani ya silinda ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu, iliyobanwa makusudi sehemu ya juu. Pistoni ikifika juu lazima uhisi imekaza. Silinda ikipata moto hutanuka juu na kunyooka. Ikipita kirahisi kama kijiko ndani ya uji, imechoka, na bei ya pistoni na silinda mpya itakutoa machozi. Sikiliza pia beringi za nyuma. Methanoli huvuta unyevu, na mwenye injini asiyetia oili baada ya mbio huzila beringi kwa kutu.

Halafu kuna jambo ambalo kitabu cha maelekezo hakikuandikii wewe wa huku. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya kumi. Hewa ikipungua, mafuta nayo yapungue: funga sindano ya kabureta kidogo kidogo kutoka kipimo cha kiwanda, ukitazama moshi. Moshi ukipotea kabisa umepita mpaka, fungua haraka. Nguvu zilizopungua hazirudi. Punguza kipenyo cha panga (propela) badala ya kuilaumu injini. Na weka wavu mdogo kwenye mdomo wa kuchotea maji ya kupoza, maana gugu maji litauziba.

Nitro ya gari la rimoti iliyogeuzwa iko ya nne. Ni rahisi kuipata, lakini kichwa chake ni cha kupozwa kwa hewa na shafti yake imekatwa kwa ajili ya klachi. Ukiwa nayo bure, geuza. Kuinunua ili uigeuze ni kulipa mara mbili.

Ya mwisho ni ya kuchonga. Injini ya cc 3.5 huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na kosa la sehemu moja ya mia ya milimita kati ya pistoni na silinda ndilo tofauti kati ya injini na kizibo. Fundi wangu alinitazama akasema, “Boss, hii ni ndogo kuliko ya msumeno, na unataka isiwe na ringi?” Alikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kung'ang'ania alumini na kromu. Kama unataka kujifunza kweli, tumia pistoni ya chuma cha kusubu ndani ya silinda ya feleji kama walivyofanya wazee wa fani hii, usugue moja ndani ya nyingine kwa dawa ya kung'arishia mpaka zipatane, na boksi la injini ulisubu kwa pistoni chakavu za magari. Krankishafti, beringi, kabureta na plagi, nunua.

Kilichobaki mpe fundi bila wasiwasi: vishikio vya injini, kaplingi, tangi, kichwa cha maji, bomba la eksozi, shafti ya panga. Flaiwili ya shaba aliyonikerezea yule yule fundi, kwa mchana mmoja, ndiyo iliyofungwa kwenye boti yangu ya petroli mpaka leo.