Nilipanga foleni Nyayo House mara tatu: uzoefu wangu wa ziara ya Saba Saba

Pasipoti yangu ya kwanza niliichukulia Nyayo House. Ya pili pia, na ya kitinda mimba wangu. Mara tatu nimesimama kwenye ile foleni, faili kwapani, nikilaani jua na wale wanaochomekea mbele, na sikuwahi kujiuliza chini ya miguu yangu kuna nini. Kwa hiyo mpwa wangu aliponilipia ziara ya kutembezwa kwenye maeneo ya mapambano ya vyama vingi, nilienda shingo upande. Nimezaliwa Pumwani. Nani wa kunionyesha Nairobi?

Tulikutana Ijumaa saa tatu asubuhi, uwanja wa Kamukunji. Tuliahidiwa kundi la watu wanane. Nilihesabu kumi na tisa, na kipaza sauti hakuna. Mahali pengine ningenyamaza, lakini Kamukunji kuna mafundi wa jua kali. Nyundo zinagonga bati tangu alfajiri, ni majiko, karai, masanduku ya wanafunzi wa bweni, na maneno ya mwongozaji yakamezwa yote. Nilichoambulia ni kwamba wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi hapo tarehe 7 Julai 1990, ndiyo Saba Saba yenyewe, wakanyimwa kibali, wakawekwa kizuizini siku tatu kabla. Watu wakaja hivyo hivyo.

Yaliyobaki nilipewa na fundi mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akikunja ukingo wa sanduku juu ya kipande cha reli. Sikumuuliza, aliona tumezubaa tu.

"Mama, siku hiyo ukiinua vidole viwili hivi, umeita rungu," akasema, akaniinulia vidole viwili, kimoja kucha imeng'oka. "Kidole kimoja ni KANU, chama tawala. Viwili ni vyama vingi."

Aliendelea kugonga. Ghasia zilidumu siku kadhaa, zikatoka nje ya Nairobi, na watu zaidi ya 20 wakauawa. Mimi nilikuwa msichana wa shule. Ilikuwa Jumamosi, mama akafunga mlango kwa komeo na kuweka meza nyuma yake. Nakumbuka macho kuwasha, nikadhani ni vitunguu. Ni ajabu kwamba leo wanafunzi wa chuo wakitaka kikao cha haraka wanasema "tufanye kamukunji", na wengi hawajawahi kukanyaga huo uwanja.

Ndani ya gari mwongozaji alieleza uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu walipopanga foleni nyuma ya wagombea hadharani, na kwingine mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Hapo alikuwa mtamu kweli, tulicheka hadi machozi. Tukashuka Nyayo House tukiwa bado tunacheka, na pale nje kulikuwa na foleni ya pasipoti.

Hatukuingia. Nalisema mapema kwa sababu tangazo lao linaonyesha picha za vile vyumba vya chini, na mtu anaweza kulipa akidhani ataviona. Ukweli ni kwamba tulisimama kando ya barabara. Jengo lina orofa 27. Miaka ya themanini walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali, waliletwa humo wamefungwa macho, wakatupwa kwenye vyumba vya giza, vingine vikijazwa maji, kisha wakapandishwa kwa lifti kuhojiwa orofa za juu. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma Februari 2003. Mwongozaji alisema haya kwa sauti ya chini, na safari hii tulimsikia sote. Kijana mmoja kwenye foleni alivua visikilizi vyake akasogea. Akauliza, "Hapa hapa?" Kisha akarudi mbio, nafasi yake isije ikachukuliwa.

Halafu tukavuka Uhuru Highway, na hapo ndipo hela ya mpwa wangu ilipopata thamani. Freedom Corner, pembe ya Uhuru Park, inatazamana na Nyayo House. Nimepita hapo maisha yangu yote sijawahi kuviunganisha. Kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pembe ile kuanzia tarehe 28 Februari 1992, wamegoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Wapo waliovua nguo mbele ya askari. Mkenya hahitaji kufafanuliwa laana hiyo. Maathai alipigwa hadi akazimia.

Malalamiko yangu makubwa ni hapa. Mwongozaji alitumia karibu saa nzima kwa wanasiasa, nani alihama chama na nani alimsaliti nani, lakini kina mama akawapa dakika kumi. Nilimwambia, "Mwalimu, turudie hapo kwa mama yake Koigi," yaani Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao. Akatazama saa. Tukapandishwa haraka hadi All Saints, kanisa lililowapa hifadhi. Walikaa chini ya kanisa hilo hadi mapema 1993 wakidai watoto wao. Tukapiga picha nje, basi. Kisha tukapelekwa kwenye mkahawa ambapo chai na andazi viliuzwa bei ya pilau, na muda haukuwa shida tena.

Nawapa nyota tatu na nusu. Wakipunguza watu, wakinunua kipaza sauti, na wakiacha ule mkahawa, nitaongeza moja. Ukienda, chagua siku ya kazi. Jumamosi hutaikuta ile foleni. Vaa viatu vya kutembea, na Kamukunji nunua hata karai, mafundi watakusimulia zaidi.

Mimi narudi Nyayo House mwezi ujao. Binti yangu anataka pasipoti. Nimemwambia tutaingilia upande wa Freedom Corner.