Kromu alamu ya kukazia emulsheni: uzoefu wangu kwenye joto la Dar

Kwa yeyote anayepaka mwenyewe emulsheni ya picha huku pwani (ule utando unaoshika mwanga na kutoa picha kwenye karatasi, sio rangi ya ukuta) naomba asome hii, maana mimi nimepoteza karatasi nyingi sana kabla sijaijua kromu alamu, chumvi ya kukaza jelatini isibanduke.

Napaka emulsheni ya jelatini na chumvi ya madini ya fedha kwa brashi kwenye karatasi nzito za rangi za maji, picha nazisafisha usiku bafuni na taa nyekundu. Shida ilikuwa maji. Mwezi wa pili maji ya simtanki yanatoka na nyuzi 31, nilipima, na jelatini ikilowa kwenye maji ya hivyo inavimba inalegea, kwenye dawa ya kwanza picha inatokea vizuri tu, ukifika kwenye kuosha ndo unaona pembeni inaanza kujikunja kama utando wa maziwa. Picha ya bibi yangu niliiona kwa macho yangu, shavu lote la kushoto likaachia karatasi likawa linaelea kwenye beseni. Iliniuma sana, sikugusa brashi wiki nzima.

Nikajaribu shabu, hii hii ya sokoni ya kutulizia maji, ikasaidia kidogo. Fomalini, nayo inakaza jelatini, sikuitaka kabisa, nina watoto ndani na ule mvuke ni wa kansa. Ndo nikanunua kromu alamu gramu 100 duka la kemikali, chenga za zambarau iliyokoza, pakiti haina maelezo yoyote zaidi ya jina kwa kalamu, hapo kwa kweli walininyima haki yangu. (Usiichanganye na bikromati ya rangi ya chungwa, ile ni sumu kali zaidi. Ila hata hii vaa glavu.)

Nayeyusha gramu 2 kwenye mililita 100 za maji baridi, alafu natia mililita 5 za hiyo kwa kila mililita 100 za emulsheni, tone tone huku nakoroga, dakika chache kabla ya kupaka. Ukizidisha inaganda kama mpira na hata uipashe haiyeyuki tena, mimi chupa nzima ilienda hivyo. Na usitumie maji ya moto jamani!! Nilitaka iyeyuke haraka nikamimina ya birika, rangi ikageuka kijani, nikaendelea kupaka, karatasi zote 6 zikabanduka. Ikishageuka kijani kwa moto nguvu ya kukaza inashuka, mwaga utengeneze nyingine.

Ukishapaka usiwe na haraka, mimi naziacha gizani siku 3 ndo zikaze vizuri. Kuosha nako ongeza muda maana jelatini iliyokazwa inachelewa kuachia fiksa (dawa ya mwisho inayofanya picha isiharibiwe na mwanga), mimi naosha saa nzima, maji yale yale ya simtanki.

Bibi nimemprinti upya wiki iliyopita. Nimepitisha kidole kwenye shavu ikiwa bado imelowa, halikusogea.