Vilivyobaki kwenye rafu: mapitio ya vipodozi vya uso kwa ngozi ya miaka 49

Nianze na hukumu, kwa wenye haraka. Kwa uso wangu wa sasa vitu vinne vinatosha: sabuni laini ya maji isiyo na harufu, krimu nzito ya kopo, sanskrini (krimu ya kukinga jua) yenye rangi, na dawa moja ya usiku ya jamii ya retinoidi, yaani dawa za ukoo wa vitamini A. Vaseline ipo pia, lakini hiyo siihesabu, maana imo ndani ya nyumba tangu watoto wakiwa wachanga. Tona, skrabu, seramu za kila herufi ya vitamini, krimu ya macho na ile ya shingo nimempa mdogo wangu, ambaye ana miaka 28 na ngozi isiyolalamika. "Dada, una hakika kweli?" aliniuliza, huku mkono umeshafika kwenye seramu.

Nina hakika. Miaka yote nilikuwa mtu wa ngozi ya mafuta, paji la uso linameta kabla asubuhi haijaisha, chunusi za kidevu zinakuja na hedhi na kuondoka nayo. Bidhaa zangu zote zilichaguliwa kwa ajili ya ngozi hiyo: kukausha, kusugua, kukamua. Kisha ngozi ikabadilika, bidhaa zikabaki zilezile. Fondesheni ikaanza kupasuka pembeni mwa mdomo. Losheni niliyoizoea ikaanza kuchonyota. Mashavu yakapauka na kuwasha, na kidevu nacho bado kinatoa chunusi kana kwamba hakijapata habari.

Sababu yake haina siri. Wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, lakini homoni ya estrojeni huanza kupanda na kushuka ovyo miaka kadhaa kabla ya hapo. Homoni hiyo ndiyo inayosaidia ngozi kutengeneza kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), kushika maji na kutoa mafuta yake. Kadirio ambalo madaktari wa ngozi hulitaja mara nyingi ni kwamba katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, ngozi hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake, halafu kama asilimia 2 kila mwaka. Ngozi huwa nyembamba, hukauka upesi, na tabaka lake la juu huchelewa kujitengeneza likichubuliwa. Ngozi ya namna hiyo ukiipaka asidi ya kuchubua asubuhi, skrabu jioni na seramu tatu katikati, itawaka tu. Ndiyo maana kila chupa niliipima kwa swali moja: inafanya kazi gani ambayo nyingine haijaifanya tayari?

Sabuni nitaipitia haraka. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya kama 9 hadi 10, wakati uso wenyewe ni wa asidi kidogo, karibu na 5. Zamani ngozi yangu ilijirudi yenyewe baada ya kuoshwa. Sasa inabaki imekakamaa hadi nicheke kwa tahadhari. Ninayotumia leo ni ya maji, haitoi povu la kujionyesha, wala haina manukato. Kipimo changu ni hiki: nikishajifuta uso, nisijisikie na haraka ya kupaka kitu. Asubuhi naosha kwa maji matupu. Sabuni ni ya usiku, kwa sababu sanskrini na fondesheni haziondoki kwa maji peke yake. Vile vitambaa vya kufutia vipodozi vimeondoka moja kwa moja. Kazi yao kubwa ilikuwa kunisugua kope.

Sasa krimu, na hapa nitakaa. Ninayoipaka ni CeraVe Moisturizing Cream, ile ya kopo, si losheni ya chupa. Nimeipenda kwa sababu ya maandishi ya nyuma, si ya mbele. Kwenye orodha ya viambato, vitu hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kwa kichache, na hapa gliserini inafuata maji moja kwa moja. Gliserini ni kitu cha kale na cha bei ndogo, haina mvuto wa kutangazwa, lakini inavuta maji na kuyashikilia ngozini kuliko vingi vinavyosifiwa. Humo humo kuna petrolatamu, yaani kile kile kilichomo kwenye Vaseline, cha kuziba maji yasipae. Kuna kolesteroli, na kuna seramidi za aina tatu. Seramidi ni mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatengeneza na kuyajaza kati ya seli za tabaka la juu. Yakipungua, maji hutoka na vichokozi huingia. Na mwisho kuna asidi ya hyaluroniki, nayo ya kushika maji, jambo linalomaanisha kwamba ile seramu ya hyaluroniki niliyokuwa nainunua kando ilikuwa inarudia kazi iliyokwisha kufanyika ndani ya kopo.

Mtu atasoma orodha hiyo aone "cetearyl alcohol" ashtuke. Asishtuke. Hiyo ni alkoholi ya mafuta, kitu cha nta nta kinacholainisha krimu. Inayokausha ni ile inayoandikwa "alcohol denat.", nayo ikiwa miongoni mwa viambato vya mwanzo kabisa, mimi narudisha chupa dukani bila maswali. Neno jingine ninalolitafuta ni "parfum". Harufu nzuri haijawahi kulainisha ngozi ya mtu, na manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa vipodozi. Krimu hii haina. Inanuka kama hakuna kitu, na hiyo ni sifa.

Naipaka uso ukiwa bado na unyevu, mara baada ya kuosha, nikiukanda kwa viganja badala ya kuusugua. Inashuka mpaka shingoni na kifuani, ndiyo maana krimu ya shingo ilikosa kazi. Inazunguka macho pia, kwenye mfupa, si kwenye kope zenyewe. Krimu ya macho, nikiisoma vizuri, ilikuwa krimu ya uso kwenye chombo kidogo. Kuna nyingine nilipewa zawadi, kopo la kioo zito lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, jina nitalihifadhi. Orodha yake ilianza kwa maji, gliserini na silikoni, ikamalizia kwa manukato na unga wa kumetesha. Bei yake ilikuwa ya kifuniko.

Isichofanya niseme pia, maana wengine wanaipakia matumaini makubwa. Haitarudisha kolajeni. Ngozi iliyolegea taya haitainuka. Vimikunjo vilivyotokana na ukavu hupungua kwa kuwa ngozi imejaa maji. Mikunjo yenyewe iko palepale, na mimi na yangu tunajuana. Kwenye usiku wa joto la ghafla, yale majasho yanayokuamsha ukatupa shuka, napaka kiasi kidogo tu. Na kwa kuwa ni kopo la kuchovya vidole, tumia mikono iliyonawiwa au kijiko kidogo cha plastiki, na utazame ule mchoro wa kopo lililofunguka nyuma: namba iliyoandikwa na herufi M ni idadi ya miezi kinapofaa kutumika baada ya kufunguliwa.

Sanskrini ndiyo iliyonisumbua kuipata, na ndiyo ambayo nisingeiacha hata nikibakiwa na kitu kimoja. Mimi ni mweusi, na nimesikia maisha yangu yote kwamba sisi jua halitudhuru. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inasaidia, sikatai, hasa dhidi ya kuungua. Lakini mabaka ya kahawia yaliyotokea mashavuni mwangu hayakusoma habari hiyo. Mabaka ya aina hiyo huchochewa na homoni na mwanga kwa pamoja, na si mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana, pekee: hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huyakoleza, hasa kwenye ngozi nyeusi. Kinachozuia mwanga huo ni oksidi ya chuma, ambayo ndiyo rangi iliyomo kwenye sanskrini zenye rangi. Kwa hiyo ile rangi si urembo tu. Pia inaondoa tatizo la oksidi ya zinki, ule unga mweupe wa kukinga jua, kutuacha kama tuliomwagiwa majivu.

Namba za SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, nazo zinachanganya watu. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi ya UVB (ile UV inayounguza ngozi), SPF 50 karibu asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Kiasi unachopaka ndicho kinachoamua. Vipimo vya maabara hutumia miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na wengi wetu tunapaka pungufu kabisa ya hapo. Kanuni rahisi ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili. Mimi meza yangu ya kazi iko dirishani, na mionzi ya UVA, aina nyingine ya UV, hupenya kioo, kwa hiyo napaka hata siku nisiyotoka.

Ya kwanza niliyojaribu ilijikunja juu ya krimu na kutoa vipande vipande kama ufutio wa penseli. Niliyonayo sasa inatulia, mradi niiache krimu ikauke dakika chache na niipake kwa kubonyeza. Ninachoilalamikia ni rangi. Imetengenezwa kwa vivuli vichache, na kile kinachoitwa cha kukoza kinaishia palepale ngozi yangu inapoanzia. Alama 7 kwa 10, na hizo tatu zilizobaki waziulize maabara yao.

Dawa ya usiku ni adapalini ya asilimia 0.1, jeli. Nchini Marekani inauzwa bila cheti cha daktari tangu 2016. Kwingine unaweza kuhitaji cheti, uliza famasia. Imesajiliwa kwa ajili ya chunusi, nami nina kidevu chenye chunusi, kwa hiyo tumeelewana. Kwa mikunjo na madhara ya jua, retinoidi iliyochunguzwa zaidi ni tretinoini, ambayo iliidhinishwa Marekani kutibu chunusi mwaka 1971, nayo ni ya daktari na ni kali zaidi. Nilianza na usiku mbili kwa wiki. Krimu kwanza, tone dogo la jeli kwa uso mzima, kisha krimu tena juu yake. Magamba yalikuja puani na mdomoni, yakaondoka. Matokeo ni ya miezi, si ya wiki, na mtu asiye na subira asianze.

Onyo moja hapa linarukwa sana kwa watu wa rika letu: retinoidi hazitumiwi na mjamzito wala anayetafuta mtoto. Hedhi kuruka mwezi au miwili si kwamba imekoma. Huhesabiwa imekoma baada ya kukosekana miezi 12 mfululizo. Kabla ya hapo mimba inawezekana. Waulizeni mashangazi zetu wenye vitinda mimba.

Vaseline naipaka utando mwembamba kwenye pembe za mdomo na chini ya pua usiku wa magamba. Robert Chesebrough aliisajilia hataza mwaka 1872, na mpaka leo ni vigumu kupata kitu kinachoziba maji ya ngozi kuliko petrolatamu. Kidevuni siiweki.

Kuhusu vitamini C, siisemi vibaya. Ni kiambato kizuri, ila ile ya asidi askobiki huhitaji pH ya chini ndipo ifanye kazi, na uso wangu wa sasa hauvumilii. Juu ya hapo huharibika kwa hewa na mwanga mpaka ikawa ya kahawia. Mwenye ngozi inayoikubali aendelee nayo. Skrabu sina neno jema nayo. Na wenye mabaka wanaoshawishika na krimu za kung'arisha, someni lebo: "mercury", "calomel" au "mercurous chloride" ni zebaki, sumu ya figo na ya neva. Krimu isiyo na orodha ya viambato kabisa iwekwe kundi hilohilo. Zile zenye steroidi kali, kama klobetasoli, zinachakaza ngozi ambayo tayari inakuwa nyembamba.

Mpangilio huu hautamfaa kila mtu. Mama ambaye uso wake bado unatoa mafuta atafurahia losheni nyepesi kuliko kopo. Mwenye uso unaowiva na kuchomachoma kila mara, huenda ni rosasea (ugonjwa wa ngozi ya uso), aiache retinoidi na kumwona daktari wa ngozi kwanza. Doa linalobadilika umbo, rangi au linalotoa damu ni la daktari pia, tena mapema.

Kopo langu limebaki robo na nitanunua jingine la ukubwa uleule. Sanskrini bado naitafuta yenye kivuli kimoja zaidi cha kukoza. Mwenye nayo anitajie.