Kuchongesha silinda hedi ya Honda XL185S kwa fundi wa Gerezani

Jamani kama una XL185S ya zamani na unataka iamke bila kuiua, huyu fundi wa Gerezani, Dar, aliyenichongea silinda hedi (kichwa cha injini) nampa nyota tano. Kilichonifurahisha zaidi hakukimbilia kupanua poti, yaani njia za hewa na moshi ndani ya hedi! Wengi wanachimba tu wakidhani tundu kubwa ndo nguvu, kumbe poti ikizidi ukubwa hewa inapita polepole mzunguko wa injini ukiwa chini, pikipiki inakuwa nzito kwenye foleni na mlimani mpaka uvute mafuta hadi mwisho ndo ishtuke, hiyo ni ya mashindano sio ya barabarani.

Yeye kaanza na gaidi za valvu (vibomba vinavyoongoza shina la valvu), kabadilisha zote ndo akakata siti (pale valvu inapokalia ikifunga) pembe tatu, digrii 30, 45 na 60, maana kile kifaa cha kukatia kinakaa kwenye gaidi, ikiwa imelika siti inatoka upande. Halafu katoa vinundu vilivyobaki toka kiwandani ndani ya poti, kalainisha ule ukingo chini ya siti, kalinganisha mdomo wa poti na gasketi. Upande wa eksozi kang'arisha kama kioo ili masizi yasishike, wa kuingizia hewa kauacha na ukwaruzo kidogo. Mwisho kamwaga petroli kwenye poti, hakuna hata tone lililopenya kwenye valvu, yaani zinaziba sawasawa.

Sasa inavuta toka chini kabisa, raha sana. Bei iko juu kidogo na wateja wengi so utasubiri, na kabureta hagusi, jeti (vitundu vya kupitishia petroli) utafute mwenyewe.