NFL+ Premium na video ya makocha: nimeitumia kuwapanga watano wa mbele wa Bears baada ya drafti

Wadau wa futiboli ya Kimarekani mlioko huku Marekani, kuna watu wananiuliza kama NFL+ Premium, huduma ya kulipia ya kuangalia mechi za ligi ya NFL, ina faida yoyote kipindi hiki cha mapumziko ya 2025, ligi imelala. Mimi nasema lipia, tena lipia kwa ajili ya kitu kimoja tu, ile video ya makocha wanayoiita All-22. Nalipa dola 14.99 kwa mwezi (bei ya 2025) na tangu drafti ya Aprili 2025, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, iishe karibu kila usiku nikitoka kazini naweka chai pembeni naifungua, naangalia watu watano wa mbele wa Chicago Bears ambao kwenye TV hakuna mtu anawaangalia: senta katikati, magadi wawili pembeni yake na mateko wawili nje, hao ndo wanamlinda kwotabeki, mrushaji wa mipira.

Kwenye matangazo ya kawaida kamera inafuata mpira. Senta akishaurusha nyuma macho yote yanahamia kwa kwotabeki, afu ghafla unamuona Caleb Williams, kwotabeki wetu, yuko chini na mtangazaji anasema presha ilikuwa kubwa, basi, wanaenda kwenye matangazo ya biashara. Nani kapitwa? Kapitwaje? Hujui. Sasa All-22 inakuonyesha wachezaji wote 22 kutoka juu, na kuna kamera ya pili imekaa nyuma ya endizoni, eneo la kufungia mwisho wa uwanja, hiyo ndo tamu yenyewe, unaiona migongo ya lainimeni, yaani hao watano, unaona nani miguu imekufa, nani mikono imechelewa, nani kageuza kichwa upande ambao siyo. Haina mtangazaji kabisa na mimi naipenda hivyo hivyo, unarudisha nyuma mara kumi mpaka uelewe.

Williams aliangushwa mara 68 msimu wa 2024, hakuna kwotabeki mwingine kwenye ligi aliyeangushwa mara nyingi hivyo. Nimerudia mechi ya Patriots ya Novemba 2024, ile aliyoangushwa mara 9, tukafungwa 19-3 nyumbani na siku mbili baadaye kocha wa ofensi (upande wa kushambulia) akafukuzwa. Ukiiangalia kwa kamera ya nyuma unaona kitu ambacho siku ile sikukiona: katikati ndo kulikuwa kunavuja. Wapinzani wawili wanapishana, mmoja anaingia ndani mwingine anazunguka, na gadi na senta wanatakiwa wabadilishane watu bila kuongea, wao walikuwa wanamfuata mtu mmoja wote wawili na mwingine anapita kama mlango uko wazi. Na niwe mkweli kwa kijana wetu pia, kuna mara kadhaa ulinzi ulikuwepo wa kutosha ila yeye kakaa na mpira muda mrefu mno. Hilo nalo video haifichi.

Ndo maana Machi 2025 walipomchukua Joe Thuney kutoka Chiefs, Jonah Jackson kutoka Rams na Drew Dalman kutoka Falcons nilifurahi kuliko siku ya drafti yenyewe. Watu watatu, wote wa katikati, kabla hata drafti haijafika! Ben Johnson, kocha mkuu mpya, anajua kilipokuwa kinavuja.

Kwa Thuney sina wasiwasi, gadi wa kushoto, Super Bowl (fainali ya ligi) nne ameshinda, mbili na Patriots mbili na Chiefs. Mtafutie mechi yoyote ya msimu wa 2024 akiwa gadi, uangalie anavyomkabidhi mtu kwa senta halafu anamsubiri anayefuata, hana haraka hata kidogo. Kuna zile mechi za mwishoni Chiefs walimpeleka akacheze teko, nazo ziangalie, maana zitakuonyesha kwa nini Chicago wasije wakamhamisha pale gadi.

Dalman senta, mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 42. Siyo mkubwa wa mwili, ila mwepesi balaa, kwenye mipira ya kukimbia ya Falcons anawahi kufika upande wa pili kabla beki hajageuka. Jackson gadi wa kulia, huyo Johnson alikuwa naye Detroit kwenye timu ya Lions, ila Detroit alicheza zaidi kushoto na mwaka 2024 Rams alicheza mechi nne tu, kwa hiyo hapo natulia kidogo mpaka nimuone. Teko wa kulia Darnell Wright, sihitaji hata kueleza, kijana ana nguvu na yupo pale tangu 2023.

Sasa teko wa kushoto, hapa ndo tunapogombana na shemeji yangu kila Jumapili. Kwotabeki wa mkono wa kulia upande wa kushoto ndo mgongo wake, hamuoni anayekuja. Drafti tumemchukua Ozzy Trapilo raundi ya pili, namba 56, kutoka Boston College, futi 6 na inchi 8. Shemeji anasema, "Sasa shemeji, mtu wa raundi ya pili unamweka benchi ili iweje?" Mimi namwambia jamaa miaka miwili ya mwisho chuoni alicheza kulia, kule 2022 ndo alikuwa kushoto, kugeuza miguu siyo kama kubadilisha jezi. Na hapa ndo NFL+ inaishia, mechi za chuo hazimo, kwa hiyo Trapilo inabidi umtafute kwingine. Unaweza kumuona Kiran Amegadjie, teko mwingine wa Bears, ule usiku wa Desemba 2024 kule Minnesota alipoanza mara ya kwanza, usiku mgumu sana kwa kijana, umri wake ni mdogo na mguu ulimnyima mazoezi mengi, nisingemhukumu kwa mechi ile.

Halafu unaye Braxton Jones, teko wa kushoto tuliyekuwa naye tayari. Aliumia kifundo cha mguu Desemba 2024 dhidi ya Lions na akafanyiwa upasuaji, lakini angalia mechi zake za kabla ya hapo. Watu wakimsukuma kwa nguvu kifuani anarudi nyuma, kweli, ila wanaomzunguka kwa spidi anawafikisha mbali na Williams karibu kila mara. Mguu ukipona mimi naanza naye, Trapilo anajifunza taratibu nyuma yake. Kwa hiyo wangu ni Jones, Thuney, Dalman, Jackson, Wright.

Kwa mlioko nje ya Marekani, NFL+ haitawahusu, kwenu mechi ziko NFL Game Pass ndani ya DAZN. Kwa wa huku, kumbuka All-22 haiji moja kwa moja na mechi, unaipata baadaye. Vikings walipangwa kuja Soldier Field, uwanja wetu, Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025. Nimeshamwambia shemeji mechi tuangalie kawaida na watoto, ila video ya nyuma ikitoka aje peke yake, tukae na namba 70, Braxton Jones, mpaka usiku.