Masters ya mahusiano ya watu kwa mtandao: uzoefu wangu baada ya kozi 12

Nimeisoma shahada hii yote nikiwa Dar es Salaam, kwenye chuo cha Marekani ambacho sitakitaja, na nimemaliza krediti 36, yaani kozi 12 za krediti 3 kila moja. Naipa nyota nne kati ya tano. Inachofundisha kuhusu kumsikiliza mtu na kusuluhisha watu ni kizuri kuliko nilivyotarajia. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu sheria, saa na makaratasi yote ni ya Marekani, na hakuna anayekuonyesha mapengo ya kuziba mwenyewe ukiwa huku.

Kwanza jina. Kwenye cheti kunaandikwa "Human Relations", na mwajiri wa Tanzania akipitisha macho haraka ataona ama rasilimali watu ama uhusiano wa umma. Si hiyo wala hii. Humu hakuna kozi ya mishahara wala ya kuandaa taarifa kwa vyombo vya habari. Kuna tabia za makundi, chuki na ubaguzi, usuluhishi wa migogoro, misingi ya ushauri nasaha, uongozi wa taasisi na mbinu za utafiti. Kama tangazo la kazi unayoitaka linadai shahada ya rasilimali watu, soma rasilimali watu. Vyuo vya hapa nyumbani vinaifundisha na utalipa kwa shilingi. Na kama unataka kuwa mshauri nasaha mwenye leseni, usije huku, maana kozi mbili tatu za ushauri hazifikii mafunzo ya vitendo yanayodaiwa kwa leseni. Inamfaa mkuu wa shule, afisa ustawi wa jamii, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, msimamizi wa mradi, mtu ambaye tayari kila siku anaamua ugomvi wa watu na anataka kuamua vizuri zaidi.

Kabla ya kutoa hata senti, hakikisha ithibati. Marekani ithibati ya chuo haitolewi na serikali yenyewe; inatolewa na mashirika kama Higher Learning Commission au SACSCOC, na Wizara ya Elimu ya huko ina hifadhidata ya vyuo vyote vinavyotambuliwa. Tafuta jina la chuo ndani ya hifadhidata hiyo. Nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya chuo haitoshi, kwa sababu vyuo vya kuuza vyeti navyo vinabandika nembo. Ukishaliona, waandikie TCU, ambao ndio wanaotathmini shahada za nje kwa Tanzania, uwatajie chuo, programu na kwamba utasoma kwa mtandao tu. Subiri majibu ya maandishi. Wengi wanafanya hatua hii baada ya kuhitimu, wakati pesa imeshaondoka.

Maombi yenyewe si magumu, ila yana mitego miwili. Wa kwanza ni GPA. Vyuo vyetu vingi vinahesabu hadi 5.0, Marekani ni hadi 4.0. Usijigeuzie mwenyewe. Andika GPA yako kama ilivyo, taja kuwa kipimo ni 5.0, halafu acha shirika la kutathmini vyeti vya nje kama WES lifanye hesabu. Omba ripoti inayochambua kozi moja moja, si ile fupi. Wa pili ni transkripti, ambayo inatakiwa itoke kwa msajili wa chuo chako moja kwa moja bila kupitia mikononi mwako. Anzia hapo, kwa sababu ndipo wiki zinapopotelea. Ukiwa kwa msajili, omba pia barua inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo kadhaa vinaikubali badala ya TOEFL au IELTS, kwa hiyo uliza kabla hujalipia mtihani. Na anayetumaini kwamba masomo haya yatamfungulia mlango wa viza ajue hivi: programu ya mtandao mtupu haitoi viza ya mwanafunzi, wala kibali cha kufanya kazi Marekani baada ya kuhitimu.

Kuhusu ada, usisome bei ya krediti peke yake. Chukua mfano wa dola 550 kwa krediti: mara 36 ni dola 19,800. Juu yake kuna ada ya teknolojia, ada ya kuhitimu na vitabu. Kitabu kipya kinaweza kufika dola 100, lakini toleo lililotangulia mara nyingi linatosha. Mwandikie mhadhiri umuulize. Kilichonisumbua zaidi ni namna ya kutuma. Fomu ya TT ya benki, ile ya kutuma pesa nje, ina sehemu ya kuchagua nani anabeba gharama: OUR (wewe unayetuma), SHA (mnagawana) au BEN (anayepokea). Ukichagua SHA, benki za katikati zinakata chao njiani na ada inafika pungufu. Upungufu hata wa dola 20 unatosha kufunga akaunti yako ya mwanafunzi, na akaunti ikifungwa huwezi kujisajili muhula unaofuata. Chagua OUR, kisha itunze nakala ya SWIFT, yaani uthibitisho wa benki kwamba pesa imetumwa, kwa sababu ofisi ya ada itaiulizia.

Sasa saa. Kila kozi ni wiki 8. Mchango wa kwanza kwenye jukwaa la mijadala unatakiwa Alhamisi, maneno kama 300 yenye marejeo. Majibu kwa wenzako wawili yanatakiwa Jumapili saa 11:59 usiku wa huko, kwa hesabu yao ya kizungu. Chuo changu kiko kwenye saa za katikati ya Marekani. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tunawazidi kwa saa 8, kwa hiyo mwisho wa kukusanya ni Jumatatu saa 1 na dakika 59 asubuhi ya kwetu. Miezi mingine tunawazidi kwa saa 9, inakuwa saa 2 na dakika 59. Mwezi wa hatari ni Machi. Wao wanasogeza saa mbele, sisi hatusogezi, na aliyezoea kukusanya saa 2 na nusu anakuta mlango umefungwa na asilimia 10 ya alama imekatwa. Dawa yake ni ya dakika moja. Ndani ya Canvas, mfumo wa mtandaoni wa masomo wa chuo, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, badilisha ukanda wa saa, chagua Nairobi, kwa kuwa Dar es Salaam haimo kwenye orodha. Kuanzia hapo tarehe zote zinajionyesha kwa saa za Afrika Mashariki na mabadiliko ya Machi yanajihesabu yenyewe.

Kipindi cha moja kwa moja cha saa 1 jioni ya kule ni saa 9 usiku hapa, na wakirudisha saa nyuma ni saa 10 alfajiri. Kabla ya kujisajili kozi yoyote, uliza kama kuhudhuria ni lazima au unaweza kutazama iliyorekodiwa. Kwangu kozi tatu zililazimisha. Ukitazama iliyorekodiwa, shusha ubora wa picha hadi 360. Sauti ndiyo yenye somo na bando linadumu.

Muda wa kusoma uhesabu hivi. Krediti 3 ni takriban saa 135 za kazi, darasani na nje ya darasa. Zigawe kwa wiki 8 unapata karibu saa 17 kwa wiki. Kozi mbili kwa pamoja ni saa 34, yaani ajira nyingine kamili. Mwenye kazi na familia achukue moja moja, hata kama mshauri wa chuo anamsukuma achukue mbili. Andika kila kitu kwenye Google Docs kwanza, kisha ndipo unakili kwenye jukwaa. Umeme ukikatika ukiwa unaandika ndani ya kisanduku cha Canvas, kazi inaweza kupotea. Kuna faida nyingine: historia ya mabadiliko inabaki. Vyuo vinatumia programu za kutambua maandishi ya akili mnemba, na programu hizo huwatuhumu bure watu wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili. Historia ya saa sita za kuandika na kufuta ndiyo ushahidi wako.

Kozi iliyonifanya nione ada yangu haikuenda bure ni ya usikilizaji. Msingi wake ni Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Zoezi ni kurekodi mazungumzo ya dakika 15 na mtu mwenye jambo dogo la kweli, kuyaandika neno kwa neno, kisha kila jibu lako uliwekee alama: ni swali, ushauri, faraja, au ni kumrudishia mtu alichosema. Ukiyafanya kwa Kiswahili na kuyatafsiri, unaona kitu ambacho vitabu vyao havikigusi. Mtu anasema, "Siku hizi bosi wangu hanisalimii." Mdomo wetu unajibu wenyewe: "Pole, atakuwa na mambo mengi." Ni upole mtupu, lakini mazungumzo yameishia hapo. Umemtetea bosi na umemfunga mdomo aliyekuja kusema. Linganisha na hili: "Unaona kuna kitu kimebadilika kati yenu." Hapo anaendelea, na sentensi inayofuata ndiyo yenye jambo lenyewe. Nilihesabu "pole" na "usijali" kwenye maandishi ya zoezi langu la kwanza nikakuta kumi na moja ndani ya dakika 15.

Hata hivyo usikubali kila alama ya mhadhiri. Mwongozo wa kusahihisha unaona salamu za mwanzo kama muda uliopotea. Kwetu huwezi kukaa na mtu mzima ukarukia shida yake kabla ya shikamoo na habari za nyumbani. Ukifanya hivyo hatakuambia chochote. Eleza hivyo kwenye tafakari unayoambatanisha, kwa aya moja iliyoshiba, na alama zinarudi. Wahadhiri wengi wanafurahia, ila hawawezi kuona wasichoelezwa.

Kozi ya historia ya fani inapita Hawthorne, kiwanda cha Western Electric kilichokuwa Cicero, karibu na Chicago, ambako majaribio yalifanyika kati ya 1924 na 1932. Maelezo mepesi yanasema wafanyakazi waliongeza uzalishaji kwa sababu walijaliwa. Mhadhiri mzuri atakuambia pia kwamba mwezi Januari 1928 wanawake wawili waliondolewa kwenye chumba cha majaribio kwa kuongea sana, wakaletwa wengine, na uzalishaji ukapanda. Hiyo ndiyo namna ya kumpima mhadhiri wiki ya kwanza. Asiyeligusa hilo atakufundisha kauli mbiu.

Penye pengo kubwa ni sheria. Kozi ya migogoro kazini inafundisha sheria ya Marekani ya haki za kiraia ya 1964 na EEOC, tume yao ya usawa katika ajira, ambako mlalamikaji ana siku 180 kufungua shauri, au 300 pale jimbo lina chombo chake. Ukizibeba tarakimu hizo kuja Tanzania utamponza mtu. Hapa sheria ni ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu kufika huko. Migogoro mingine ni siku 60. Msuluhishi naye ana siku 30 za kusuluhisha. Nilichofanya ni kuomba kila insha ya sheria niiandike kwa kulinganisha nchi mbili. Wahadhiri wanne kati ya watano walikubali. Omba wiki ya kwanza, kwa barua pepe, ukiambatisha maandishi ya sheria kwa Kiingereza ili anayesahihisha awe na cha kurejelea.

Mwisho kuna mafunzo kwa vitendo ya saa 150 kwenye taasisi, na hapa ndipo muhuri unapokukwamisha. Chuo kinatuma makubaliano ya kusaini kwa mtandao na barua pepe isiyo na muhuri. Ofisi ya hapa inataka barua ya utambulisho yenye nembo, sahihi ya wino na muhuri, ipokelewe masjala. Omba mapema, angalau wiki sita kabla, barua ya PDF yenye nembo na jina la mtu anayepigika simu. Ichapishe kwa rangi, iambatanishe na barua yako mwenyewe, na ipeleke kwa mkono. Ukikusudia kukusanya data za utafiti badala ya mafunzo, kibali cha maadili cha chuo hakitoshi peke yake, itabidi upitie na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania.

Cheti kinatumwa kwa kampuni ya usafirishaji, na kampuni hizo hazipeleki kwenye sanduku la posta. Jaza mtaa, nyumba, alama inayojulikana karibu na namba ya simu inayoanza na +255. Transkripti ya kidijitali agiza mbili, moja yako na moja ielekezwe TCU moja kwa moja, na uagize kabla chuo hakijafunga barua pepe yako ya mwanafunzi.